Maikrofoni Yetu ya Kamwokya na Mkimbizi wa 1937

Juzi koko wa mwenzetu mmoja aliambiwa safari yake ya kuhamia ng'ambo iko tayari, zimebaki wiki mbili. Tukakimbia kumrekodi nyimbo za kulima za Kihunde, zile za kwao Masisi. Tuliposikiliza simu, bana, bodaboda za Kamwokya zilisikika kuliko koko.

Kumbe kazi hii ina historia karibu na mlango wetu. Ukitoka Kamwokya ukishika Kira Road, unafika Jumba la Makumbusho la Uganda. Kuanzia 1948 hadi 1957 msimamizi wake alikuwa Klaus Wachsmann, mzaliwa wa Berlin. Wanazi walimfungia njia Ujerumani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akakimbia, na 1937 akafika Uganda. Yaani mtu aliyefukuzwa kwao ndiye aliyezunguka nchi hii na mashine nzito, akirekodi waimbaji na wapiga ngoma. Nyimbo zilizidi 1,000. Lakini kanda zenyewe zilienda kukaa London, na ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo nakala zikarudi Makerere. Waimbaji wengi walikuwa wameshakufa.

Sisi hatuna mashine nzito. Tulienda kwa fundi simu, akatupa hedifoni iliyokufa, ila kimaikrofoni chake kilikuwa kizima. Ni kidogo kama punje ya mahindi. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki na chaji ya umeme isiyoisha haraka; sauti ikiutikisa, umeme unabadilika. Aina hii ilibuniwa Marekani 1962 na Gerhard Sessler, Mjerumani, pamoja na James West, Mmarekani mweusi.

Tulilehemu nyaya mbili. Mguu unaogusa ganda la chuma unaenda kwenye waya wa ethi. Ukikosea hapo, husikii kitu. Betri haihitajiki, maana simu yenyewe inatoa umeme kidogo. Tukakiingiza katika mrija wa kalamu, tukakivisha sponji ya godoro ili pumzi isipige kelele. Halafu tukatundika blanketi dirishani, tukakiweka shibiri moja kutoka mdomo wa koko. Hapo ndipo tofauti ilipotoka: ukaribu.

Koko aliimba nyimbo saba. Kwenye wa tano alinyamaza, akasema huo walikuwa wanaimba na dada yake. Tulimuuliza kama tuufute. Akakataa: "Muache, na kunyamaza kwangu muache."

Nakala ya kwanza tumempa yeye, kwenye memori kadi, ameishonea ndani ya kitenge. Ya pili iko kwa mjukuu wake, na ya tatu tunaitunza sisi. Hatuiweki hapa mtandaoni kwa sababu hakuturuhusu.

Kama una koko au mzee nyumbani, njoo Jumamosi na hedifoni mbovu. Tutakufundisha kulehemu.