Fungamano la Magnoni

Aghalabu mtu akitaja sumaku hufikiri kipande cha chuma kinachovuta misumari, na fikira yake hukomea hapo, ilhali ndani ya kipande hicho kuna atomi zisizohesabika ambazo kila moja hubeba usumaku wake mdogo, utokanao na elektroni zake, ambao twaweza kuuchora kwa umbo la mshale. Sumaku huwa sumaku kwa kuwa mishale hiyo imekubaliana kuelekea upande mmoja. Na kila mahali ambapo mishale miwili jirani imehitilafiana, maumbile hudai gharama ya nishati.

Mwaka 1930 Felix Bloch alieleza kuwa mshale mmoja ukigeuzwa, mgeuko huo haukai mahali pake, bali hupokewa na atomi moja baada ya nyingine hata ukawa wimbi linalopita katika sumaku nzima. Na kwa kuwa kanuni za kwanta hulikata wimbi hilo mafungu mafungu, fungu moja limeitwa magnoni. Jina hilo na tulichukue kama lilivyo, kama tulivyochukua elektroni na protoni. Linalotaka kufikiriwa sana ni jina la hali inayozuka magnoni mbili zinapokutana zikasafiri pamoja.

Chora safu ya mishale kumi, yote ikitazama juu. Geuza wa tatu utazame chini, nawe utaona mipaka miwili ya hitilafu, mmoja baina yake na wa pili, mwingine baina yake na wa nne. Geuza na wa saba, na mipaka itakuwa minne. Lakini lau ungaliuacha wa saba ukageuza wa nne, ulio ubavuni mwa wa tatu, mipaka ingalibaki miwili tu, kwa sababu mishale hiyo miwili imepatana yenyewe kwa yenyewe. Nafuu hiyo ya mipaka miwili ndiyo inayozishika magnoni pamoja. Hakuna kitu cha nje kilichozifunga.

Walakini magnoni ni wimbi, na tabia ya wimbi ni kuenea, kwa hiyo nafuu ya ujirani yashindana na hamu ya kutawanyika. Mwaka 1931 Hans Bethe, kijana wa Kijerumani aliyekuwa Roma wakati huo, aliikamilisha hesabu ya safu moja ya atomi, akathibitisha kuwa katika safu hiyo kushikana hushinda, na jozi iliyoshikana huwa na nishati pungufu kuliko magnoni mbili huru zenye momenta ya jumla, yaani kipimo cha mwendo, iliyo sawa na yake. Katika sumaku yenye urefu, upana na kimo, ushindi huo si wa daima: Michael Wortis alionyesha mwaka 1963 kwamba jozi haipatikani ila momenta yake ya jumla ikiwa kubwa vya kutosha.

Wako watakaopenda kuiita hali hii hali funge, kwa kuwa wanasarufi wetu wamezoea kusema mofimu funge. Mimi siafiki. Mofimu funge haiwezi kusimama peke yake, ilhali magnoni yaweza. Tena neno funge humfanya msomaji atafute mfungaji, naye hayupo. Lugha yetu ina kauli ya kufungamana, ndugu ya kushikamana na kugandamana, na humo kila mmoja ni mshiki na mshikwa. Kwa hiyo nasema fungamano la magnoni, na wingi wake mafungamano.

Wala hili si jambo la karatasini tu. Mwaka 1969 wanafizikia Torrance na Tinkham walipitisha miali ya infraredi katika fuwele za kloridi ya kobalti yenye maji, wakabadili nguvu ya uga wa sumaku, wakaona kuwa nishati ya fungamano la magnoni mbili hubadilika kwa mwinamo maradufu ya ule wa magnoni moja, maana mishale iliyogeuka ni miwili. Mwaka 2013, huko Garching karibu na Munich, watafiti walizipanga atomi za rubidi katika kimia cha nuru, wakageuza mbili zilizo jirani, wakazitazama kwa hadubini: jozi ilikwenda pamoja, tena polepole kuliko magnoni iliyo peke yake.

Neno funge, hata hivyo, lisitupwe. Katika niobati ya kobalti, ambayo Radu Coldea na wenzake waliichunguza kwa nyutroni wakatangaza matokeo mwaka 2010, vinavyosafiri ni ile mipaka ya hitilafu yenyewe, na safu za atomi zilizo kando huitoza gharama inayozidi kadiri mipaka miwili inavyoachana, hata isiweze kamwe kutengana. Na ngazi za nishati zitokanazo na kizuizi hicho zilionekana wazi katika baridi kali mno. Hapo mfungaji yupo, na ni hizo safu jirani. Basi hapo ndipo pa kusema mipaka funge, na fungamano liachiwe magnoni.