Masii

Masii ni mji mdogo wa soko, pamoja na vijiji vinavyouzunguka, katika Kaunti ya Machakos nchini Kenya. Uko mashariki mwa mji wa Machakos, kwenye barabara iendayo Kitui kupitia Wamunyu. Kiutawala ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Mwala, sambamba na Mbiuni, Muthetheni, Wamunyu, Kibauni na Makutano/Mwala. Wakazi walio wengi ni Wakamba. Masii haina ziwa wala mto unaotiririka mwaka mzima, lakini hakuna kilichoelekeza historia yake kuliko maji, ama kwa kukosekana kwake, ama kwa kuja kwa kishindo na kuondoka na udongo.

Mvua na udongo

Mvua hunyesha kwa misimu miwili: ile ya Machi hadi Mei, iitwayo kwa Kikamba uua, na ile ya Oktoba hadi Desemba, iitwayo nthwa. Tofauti na sehemu nyingi za nchi, ambako masika ndiyo tegemeo la mkulima, hapa nthwa ndiyo inayoaminika zaidi, na mkulima aliyekosa mavuno ya Februari huwa amekosa chakula cha sehemu kubwa ya mwaka. Udongo ni mwekundu, wenye tabia ya kufunga juu baada ya matone ya kwanza, hivyo mvua kubwa isipozuiwa huteremka mlimani ikichimba makorongo.

Historia

Kabla ya ukoloni wenyeji waliishi katika utui, yaani ujirani wa maboma kadhaa uliokuwa na wazee wake na uwanja wake wa ngoma. Ardhi iliyolimwa ilikuwa mali ya familia na iliitwa ng'undu. Malisho ya wote yaliitwa weu. Na aliyezungushia mifugo yake sehemu ya weu alijipatia haki ya muda juu ya kisesi, yaani malisho yenye mwenyewe. Mpangilio huu ulihitaji nafasi ya kuhama, na nafasi hiyo ilipungua kwa haraka baada ya kampuni ya Imperial British East Africa kufungua kituo Machakos mwaka 1889. Miaka michache baadaye njaa kubwa ya 1897 hadi 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, maana yake iliyoenea kila mahali, iliua watu na mifugo katika Ukambani nzima. Walionusurika walikuta mipaka ya hifadhi ya Wakamba ikichorwa, mashamba ya walowezi yakiwa upande mmoja na ardhi ya serikali ya kikoloni upande mwingine.

Ndani ya mipaka hiyo watu na ng'ombe waliongezeka, na kufikia miaka ya 1930 maofisa wa kilimo walikuwa wakiandika kuhusu wilaya ya Machakos kwa lugha ya maombolezo. Walichokiona kilikuwa cha kweli, kwani vilima vilikuwa vimebaki uchi. Lakini lawama waliielekeza kwa mfugaji, si kwa mpaka uliomfungia. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikifunguliwa Athi River na kuhitaji mifugo ya bei nafuu. Wakamba waliungana chini ya Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association, na maelfu yao, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi huko wakidai kuonana na gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa lazima, ila unyang'anyi wa ng'ombe ulisitishwa kabla ya mwaka kwisha. Kwa vizazi vilivyofuata, kila mpango wa serikali uliotaja mifugo au udongo ulipimwa kwanza kwa kumbukumbu hiyo.

Matuta na mwethya

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi na mpango mwingine wa kurekebisha ardhi. Mwanzoni wanakijiji walichimbishwa makinga ya maji kwa amri, na kazi za amri zilikuwa mbovu: mitaro myembamba iliyojaa udongo baada ya misimu michache. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipokabidhiwa mwethya. Mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mwanachama. Hapo zamani mwenye shamba aliwaita watu kwa siku moja ya kujenga nyumba au kulima na kuwalipa kwa chakula na pombe, lakini sasa vikundi viliandikishwa, vikachagua viongozi wao na kukutana kwa ratiba. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa Nairobi au Mombasa, au katika jeshi na polisi, vikundi hivyo vilijaa wanawake, na ni sahihi kusema kwamba matuta ya Masii yalijengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya wanawake.

Tuta lililoenea zaidi ni lile liitwalo fanya juu. Mchimbaji huchimba mtaro kufuata usawa wa mlima, kisha hurusha udongo upande wa juu, ambako hujenga ukingo. Maji na udongo unaoteremka hunaswa nyuma ya ukingo huo, na baada ya miaka kadhaa shamba lililoinama hujisawazisha lenyewe kwa ngazi. Jina hilo la Kiswahili limeingia bila kutafsiriwa katika vitabu vya hifadhi ya udongo duniani. Ukingoni hupandwa majani ya kulishia ng'ombe, na kwenye mtaro, ambako unyevu hukaa, hupandwa migomba, mipapai au miembe.

Masii imechunguzwa na watafiti zaidi ya mara moja. Mnamo 1962 na 1963 mwanauchumi Judith Heyer alikusanya hapa takwimu za mashamba madogo ili kuchunguza jinsi mkulima anavyogawanya ardhi na nguvu za familia kati ya mazao mahali pasipo na uhakika wa mvua. Karibu miaka 30 baadaye Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichukua tena Masii kuwa mojawapo ya maeneo ya utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1994. Hitimisho lao lilizua mjadala mkubwa: idadi ya watu wa Machakos ilipanda kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, lakini mmomonyoko ulipungua na mavuno kwa kila mtu yaliongezeka. Wapo waliowajibu kwamba ukaribu wa Nairobi na mishahara iliyotumwa nyumbani vilisaidia kulipia jembe na mbegu, na hoja hiyo ina uzito, maana wengi waliokosa mshahara mjini hawakufaidi kwa kiwango hicho.

Maji yaliyo mchangani

Mito ya msimu huacha mchanga mwingi, na chini ya mchanga huo maji hukaa muda mrefu baada ya mto kukauka. Wenyeji huchimba visima vifupi mtoni na kuteka kwa kata. Bwawa la mchanga hukuza akiba hiyo: ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba kukata mto, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji yaliyojificha humo hayafikiwi na jua. Biashara ya kuchota mchanga kwa ajili ya majengo ya Nairobi imeharibu mito mingi ya Machakos, kwa kuwa mchanga unapoondoka, maji nayo huondoka.

Jamii

Chakula cha kawaida ni isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Njaa zilizofuata Ngomanisye nazo zina majina: ile ya 1961 ni Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani; ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, nafa nikiwa na fedha mkononi, kwa kuwa pesa zilikuwepo ila cha kununua hakikuwepo.

Jirani wa mashariki, Wamunyu, ndiko uchongaji wa vinyago wa Wakamba ulikoanzia. Mutisya Munge alirejea huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza ufundi huo Tanganyika.

Hali ya sasa

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, Masii imekuwa chini ya Kaunti ya Machakos. Mazao makuu ni mahindi, mbaazi, kunde na maembe, na maembe hununuliwa shambani na wachuuzi wanaoyapeleka Nairobi.