Babu, Mjukuu na Mchezo wa Mapenzi: Umri wa Mchezaji katika Vichekesho vya Dar es Salaam

Katika nyumba nyingi za watu wa Mrima, babu hamwiti mjukuu wake wa kike kwa jina lake tu. Humwita mke wangu. Mtoto akimletea maji ya kunawa, mzee humgeukia bibi na kumwambia aanze kufunga mizigo yake, maana mke mpya amekwisha ingia nyumbani. Bibi naye hashindwi kwa maneno. Mjukuu wake wa kiume ndiye mumewe, naye humsifu mbele ya mzee kwamba ana meno yote na miguu isiyouma. Mtoto hucheka, wazazi hucheka, na majirani wanaosikia uani hucheka pia.

Kicheko hicho kina sheria zake, ijapokuwa hazikuandikwa popote. Ya kwanza ni kwamba umri wa kila mmoja ni dhahiri, wala hapana anayeuficha. Ya pili ni kwamba kila asikiaye anajua kuwa jambo linalosemwa haliwezi kuwa. Ya tatu ni kwamba nyuma ya maneno yale hapana posa, hapana mahari, wala hapana fedha inayonunua ridhaa. Ikivunjwa moja katika hizo, utani hukoma papo hapo na watu wazima hukunja nyuso, kwa kuwa wahenga walikwisha onya kwamba mzaha mzaha hutunga usaha.

Historia ya mchezo wa mapenzi wa kuchekesha katika Dar es Salaam, tangu jukwaani mpaka sinemani, yaweza kusomwa kuwa ni historia ya sheria hizo tatu: namna zilivyolindwa zamani, namna zilivyolegea kamera ilipokaribia uso wa mchezaji, na hasara iliyofuata. Watu huuliza, katika mchezo wa mapenzi kati ya mtu mzima na kijana, ni mchezaji gani afaaye kupewa nafasi ipi ili watazamaji waamini. Swali hilo hudhaniwa kuwa la ufundi tu. Kwa hakika ni swali la adabu, na jibu lake liligusa maisha ya wasichana wasiowahi kupanda jukwaani.

Mbagala ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hili. Mtaa huo uko kusini ya mji, katika barabara iendayo Kilwa. Kabla mji haujaenea, palikuwa na mashamba na vijiji vya Wazaramo. Baadaye wakaja Wandengereko kutoka Rufiji, Wamakonde na wengineo kutoka kusini, na mwishowe watu wa kila mkoa. Wazaramo walikuwa na njia yao ya kupima umri. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na somo wake. Na siku ya kutolewa kwake ngoma ilipigwa, mdundiko ukapita njiani, na kijiji kizima kikashuhudia kwamba aliyekuwa mtoto jana leo anahesabiwa pamoja na wakubwa. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, na ngoma ilikuwa ndiyo cheti. Kipimo hicho hakikuwa kamilifu, kwa maana mwili hukomaa kabla ya akili, na wengi waliotolewa ndani walitoka kuolewa wangali wadogo. Lakini kiliwazoeza watu jambo moja kubwa: umri wa mtu ulitangazwa mbele ya wote, nao wote wakawa mashahidi wake. Watu wenye mazoea hayo ndio waliokwenda kutazama michezo.

Na michezo iliwafuata huko huko walikokaa. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, kama Muungano na Tanzania One Theatre, vilizoea kuchezea katika mabaa na kumbi za mitaa ya pembezoni, ambako usiku mmoja ulikusanya ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Katika vichekesho hapakukosa mzee mkware. Mzee huyo alitambulikana mara moja: ndevu za pamba, mvi za unga, mto uliofungwa tumboni, suruali iliyozidi kimo, na fimbo mkononi. Mgongo wake ulipinda alipokumbuka kuupinda, ukanyooka ghafula msichana alipopita. Watazamaji waliijua methali isemayo kwamba ng'ombe hazeeki maini, nao walimcheka ng'ombe huyo kabla hajafungua kinywa.

Aliyevaa ndevu zile aghalabu hakuwa mzee. Alikuwa mtu mwenye nguvu zake, pengine hakumpita kwa miaka mingi yule aliyecheza nafasi ya msichana. Jina la Mzee, ambalo wachekeshaji wengi walilichukua, kama vile Said Ngamba aliyejulikana kwa jina la Mzee Small na kufariki 2014, lilikuwa ni cheo cha jukwaani kuliko hesabu ya miaka. Mgeni angeweza kusema kwamba ugawaji huo wa nafasi hauaminiki. Lakini watazamaji hawakutakiwa kuamini kwamba mzee yule ni mzee. Walitakiwa kukubali kwamba anachezwa. Pamba ilisema umri waziwazi, kwa hiyo sheria ya kwanza ililindwa. Wachezaji wawili walionekana kuwa ni watu wazima wanaotaniana, kwa hiyo ya pili ililindwa. Na mwishoni mzee alinyang'anywa mkoba wake, au alifumaniwa na mkewe akakimbia bila viatu, na kwa hivyo ya tatu nayo ikalindwa, kwa maana fedha yake haikumnunulia kitu ila aibu. Hivyo ndivyo babu wa utani alivyohamia jukwaani pasipo kuacha adabu zake nyumbani.

Kwamba umri katika mchezo ni mapatano, si ngano ya Waswahili peke yao. Katika filamu ya Kihindi iitwayo Mother India, iliyotoka 1957, Nargis alicheza nafasi ya mama, na Sunil Dutt akacheza nafasi ya mwanawe. Wote wawili walizaliwa Juni 1929. Watazamaji walilia kwa ajili ya mama yule mwenye mvi, ilhali mama na mwana walikuwa umri mmoja. Tena 1958 wachezaji hao wakaoana. Hapana aliyelalamika kuwa amedanganywa, kwa sababu mapatano yalikuwa wazi tangu mwanzo.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Katika Sabrina, filamu ya 1954, Humphrey Bogart, aliyezaliwa 1899, alipewa nafasi ya mchumba wa Audrey Hepburn, aliyezaliwa 1929. Tofauti yao ilikuwa karibu miaka 30, na mtazamaji alitakiwa kuamini kwamba msichana amwache ndugu mdogo aliyempenda tangu utotoni, amchague mkubwa. Mvi zilikuwa za kweli, lakini neno la kuzieleza lilikuwa haba. Miaka 9 baadaye Cary Grant, aliyezaliwa 1904, alitakiwa kucheza pamoja na Hepburn huyo huyo katika Charade. Grant aliona haya kuonekana akimkimbilia mwanamke aliyemzidi kwa miaka 25, akaomba maandishi yabadilishwe ili mwanamke ndiye awe mwenye kumfuata, naye awe mwenye kujitetea kwa uzee wake. Ikawa hivyo, na mizaha juu ya umri wake ikawa sehemu ya mchezo. Yamkini Grant hakupata kusikia habari za utani wa Pwani, lakini alichokidai ni sheria ya kwanza ya babu: umri usemwe, usifichwe.

Ilipotakiwa kueleza habari hiyo kwa dhati, wala si kwa mzaha, waandishi wa Kiswahili hawakusita. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, katika riwaya yake Kiu iliyotoka 1972, alimweka mzee tajiri, Mwinyi, amtamani Bahati, msichana mbichi, na akamweka kijana Idi kati yao awe chombo cha tamaa hiyo kwa kiu yake mwenyewe ya mali. Hapo hapana ndevu za pamba wala hapana wa kucheka. Riwaya hiyo ni ushahidi kwamba jamii iliujua sana mpaka kati ya babu atanie na mzee anunue.

Mpaka huo ulianza kufifia kamera ilipokuja karibu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja mpaka 1994. Baada ya hapo michezo ya vikundi kama Kaole iliingia sebuleni mwa watu, na katika miaka ya 2000 zikafuata filamu za mikanda na za santuri. Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson kutoka Kenya na kutoka 2003, ilichezwa na vijana waliocheza ujana wao wenyewe, mwanamuziki T.I.D. akiwa miongoni mwao. Mbele ya kamera pamba huonekana kuwa pamba. Kwa hiyo watengenezaji walitafuta wazee wenye makunyanzi ya kweli na wasichana wenye nyuso laini za kweli, wakadhani kwamba sasa wamepata uaminifu.

Walipata sura, wakapoteza mapatano. Mzee wa kweli akimshika mkono msichana wa kweli ndani ya gari la kweli, mtazamaji haoni tena utani. Huona jambo alilolipita jana kituoni Rangi Tatu. Na akiona kwamba msichana anacheka na gari linang'aa, huenda akasadiki kwamba jambo lenyewe halina ubaya. Pana kosa la pili lililo zito zaidi. Pale ambapo hadithi inasema msichana ni mwanafunzi, na nafasi hiyo ikapewa mwanamke aliyekwisha pevuka kwa kumvisha sare ya shule, jicho huona mtu mzima wakati sikio linasikia mtoto. Jicho hushinda. Tamaa ya mzee huonekana kuwa na udhuru, kwa kuwa aliyesimama mbele yake si mtoto. Wala dawa yake si kumweka mtoto wa kweli katika mchezo wa namna hiyo, jambo ambalo lingekuwa ovu kupita kosa lenyewe. Dawa ni kuutangaza umri kwa maneno na kwa matendo, kama pamba ilivyoutangaza: dada wa kumwuliza miaka yake, mwalimu wa kumtafuta, jirani wa kushangaa.

Palikuwa na mmoja aliyevuka kutoka jukwaani mpaka sinemani bila kuitupa adabu ya zamani. Amri Athuman wa Tanga, aliyezaliwa 1948 na kufahamika kwa jina la King Majuto, aliendelea kumcheza mzee mkware hata uzee wake ulipokuwa wa kweli. Sauti yake, mwendo wake na hofu yake ya kufumaniwa vilifanya kazi ya ndevu za pamba. Mtazamaji alijua kwamba mzee huyu atashindwa, naye alikuja kumwona anavyoshindwa. Majuto alifariki 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Muhimbili, na waliomlilia walikuwa wa rika zote.

Redio nayo ilikumbuka kilichosahauliwa na sinema. Kuanzia 2008, katika juhudi za kuzuia UKIMWI, ilirushwa michezo mifupi juu ya mtu aitwaye Fataki, mwanamume mwenye fedha anayewanyemelea wasichana wadogo. Kila mara Fataki alianza kwa maneno matamu, na kila mara alitokea mtu wa kawaida akaivunja hila yake. Mchezo huo ulikuwa ni kichekesho cha mapenzi kilichogeuzwa: msikilizaji alifurahi kwa sababu wawili hawakupatana. Redio haina uso, kwa hiyo haikumtaka mtoto yeyote asimame mbele ya kamera. Sauti na maneno vilitosha kueleza umri. Jina la Fataki liliingia katika lugha ya mitaani likawa neno la kawaida, na mzee aliyeitwa hivyo mbele za watu alijua ameambiwa nini.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, ilikuwa imeuacha umri katika utata. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimtaka mwanamume awe na miaka 18, lakini ikaruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na mahakama iliweza kuruhusu hata wa miaka 14. Rebeca Gyumi alifungua shauri, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu. Waamuzi walifanya kortini kile ambacho ngoma na pamba vilifanya kwa njia zao: waliutaja umri mbele ya watu wote, wakautaka uheshimiwe.

Si haki, basi, kusema kwamba watengenezaji wa filamu waache kabisa habari za mapenzi ya mtu mzima na kijana. Habari hizo zipo, na wako watu wazima waliopitana miaka mingi wakaishi kwa wema. Lugha ya mitaani ina maneno kwa pande zote, ya mzee mwenye kisichana na ya jimama mwenye kibenteni chake, na penye maneno pana mambo. Lakini mwenye kugawa nafasi ajue kwamba makunyanzi ya kweli hayatoshi kumfanya mchezaji aaminike. Mtazamaji ataamini pale atakapoelezwa wazi miaka ya kila mmoja, na kama analoonyeshwa ni utani au ni dhati, na ni nani atakayelipa gharama yake.

Siku posa ya kweli inapoletwa kwa mjukuu, babu hulalamika mbele ya wageni kwamba anaporwa mkewe. Hudai chake, hupewa kidogo, watu hucheka kwa mara ya mwisho, kisha humwombea mjukuu heri na kumkabidhi kwa mume wa rika lake. Tangu siku ile utani umetimiza kazi yake, na mzee hurudi kuketi karibu na bibi aliyeambiwa afunge mizigo.