Mhudumu wa afya naye huchoka: wenzake wamsaidieje?

Mlipuko wa ugonjwa ukiingia, mhudumu wa afya ndiye anayebaki kazini wengine wakikaa mbali. Machi 2020 Uviko-19 iliingia Tanzania. Machi 2023 ikatangazwa Marburg mkoani Kagera. Wahudumu wawili waliambukizwa, mmoja akafariki.

Hofu hiyo huwa nzito zaidi zahanati za vijijini. Mkoani Katavi, kutoka Mishamo au Mpimbwe hadi Mpanda mjini ni safari ndefu. Mtaalamu wa afya ya akili yuko mbali, ila mwenzako wa zamu yuko hapo hapo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unataja hatua tatu, na hata asiye mtaalamu anaweza kuzifuata:

1. Angalia. Mwenzako halali? Anafoka ovyo? Anakwepa zamu?

2. Sikiliza. Usimlazimishe kusimulia, wala usimwambie "jikaze tu".

3. Unganisha. Mpe nafasi ale na apumzike, awasiliane na familia. Zamu zikimzidi, mzungumze pamoja na mfawidhi. Hali isipotulia, apelekwe kwa mtaalamu.

Kinachoharibu yote ni siri kutoka. Kituo kidogo kila mtu anamjua mwenzake. Maneno yakifika kijiweni leo, kesho hakuna atakayefungua mdomo. Lakini akisema anataka kujidhuru, usinyamaze wala usimwache peke yake. Mfikishe hospitali.