Bibi, bwana na gishe: historia ya ruhusa ya kukaa, toka Serowe mpaka Pretoria

Wasomi wenzangu, hapa Lubumbashi kuna maneno inarudia kila mara vijana wakizungumuza safari ya Afrika ya Kusini: «Fika kwanza, oa mtoto wa inchi, makaratasi itakuja yenyewe.» Wadada nao wanaambiwa vilevile. Mimi nilisoma agronomia, siyo sheria, lakini nimefuata historia ya hii kitu kwa muda, sababu watu wanaisema kama vile ruhusa ya kukaa kwa njia ya ndoa ilikuwa pale tangu zamani, kama mwembe ndani ya paseli ya nyumba. Haikuwa pale. Chini kule, kila inchi ilikuwa na vita yake juu ya swali moja: mtu wa inje mwenye kuoa ao kuolewa na mwenyeji, anaweza kukaa? Na mara mingi mwenye alisimama mbele ya tribinali hakuwa mgeni. Alikuwa bibi yake, mwenyeji.

Tuanze Botswana. Mwaka 1948 Seretse Khama, mrithi wa kiti cha ufalme wa Bangwato kule Serowe, alimuoa Ruth Williams ku London. Ruth alikuwa Mwingereza, mweupe. Botswana ilikuwa bado inaitwa Bechuanaland, chini ya Waingereza. Mwaka uliofuata, 1949, Afrika ya Kusini jirani yao ikatoa sheria ya kukataza ndoa kati ya weupe na watu wa rangi ingine. London haikutaka kugombana na Pretoria, basi ikamzuia Seretse asikae ndani ya inchi yake mwenyewe. Walibaki Uingereza mpaka 1956. Angalia vizuri: wenye kelele walisema tatizo ni bibi mgeni, lakini mwenye kufukuzwa ni mwenyeji. Mwaka 1966 Seretse akawa rais wa kwanza wa Botswana.

Mtu angefikiri inchi yenye rais wa namna ile itakuwa na huruma kwa ndoa za watu wa inchi mbili. Apana. Sheria ya uraia ya 1984 ilisema mtoto wa ndoa anafuata uraia wa baba. Unity Dow, mwanamke avoka, Mmotswana, alikuwa ameolewa na Mmarekani. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa 1979, mbele ya ndoa, basi akawa Mmotswana. Wawili waliofuata, 1985 na 1987, walizaliwa ndani ya ndoa, basi wakawa wageni. Nyumba moja, mama mmoja, baba mmoja, watoto wawili na baba yao wanakaa kwa ruhusa ya Leta, na mama na mtoto wa kwanza wako kwao! Dow alishitaki. Akasema kama siku moja wanakataa kuongeza ruhusa ya bwana yake, watoto watatoka pamoja naye, na yeye mama atafanya nini? Serikali ilijibu kwa maneno ya desturi: mwanamke anafuata bwana. Dow alishinda 1991, tena kwenye rufaa 1992. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1995.

Zimbabwe ilikuwa na namna yake. Mwanaume wa kule akioa mwanamke wa inje, bibi alikaa bila shida kubwa. Mwanamke wa kule akiolewa na mwanaume wa inje, bwana aliweza kuambiwa arudi kwao. Wanawake watatu walipeleka dosiye mpaka tribinali ya juu kabisa, na mwaka 1994, kwenye kesi ya Rattigan, waamuzi walisema: katiba inampa mwenyeji uhuru wa kukaa na kutembea mahali popote ndani ya inchi, ukimfukuza bwana yake, umemlazimisha huyu mwanamke kuchagua kati ya inchi na ndoa, maana yake uhuru wake umeuvunja. Hakuna mahali waamuzi walisema mgeni ana haki yake mwenyewe ya kukaa. Haki ilikuwa ya bibi, na bwana aliingia nyuma yake. Furaha haikudumu. Mwaka 1996 Bunge lilibadilisha katiba kusudi uamuzi ule upoteze nguvu, na badala ya kuinua wanaume wa inje, waliwashusha wanawake wa inje wakawa sawa nao. Mimi naona hii ni usawa wa ajabu sana.

Sasa tufike kule wengi wetu wanataka kufika.

Afrika ya Kusini ilijifunza kutenganisha bibi na bwana kwa watu wake yenyewe, mbele ya kufanya vile kwa wageni. Wakati wa apartheid, mtu mweusi hakuwa na haki ya kukaa mjini vivi hivi. Alipaswa kuwa amezaliwa pale, ao kufanya kazi kwa patron mmoja miaka 10, ao kukaa pale kwa halali miaka 15. Bibi wa mtu mwenye haki ile, sheria ilimpa naye nafasi ya kukaa pamoja na bwana. Kwenye karatasi ilikuwa hivyo. Lakini chini ya sheria kulikuwa kanuni ndogo zenye kutengenezwa ndani ya biro, na kanuni moja ilisema: hata kama uko bibi yake, lazima uwe na kibali cha kulala kwenye nyumba ile. Na kibali wenyewe njo walikuwa wanakitoa, ao wanakikatalia. Nonceba Komani wa Guguletu, karibu na Cape Town, aliambiwa aondoke kwa bwana yake. Walishitaki, na mwaka 1980 tribinali ya rufaa ilisema kanuni ile haina nguvu, sababu inanyanganya kitu chenye sheria yenyewe imekwisha kutoa. Naomba muweke jina Komani kichwani. Mchezo ule utarudia.

Apartheid iliisha, katiba mpya ikatoka 1996. Lakini sheria ya wageni ilikuwa bado ile ya 1991, ya utawala wa zamani. Kwa kawaida mwenye kuomba ruhusa ya kukaa daima alipaswa kungojea jibu akiwa inje ya inchi. Bibi ao bwana wa mwenyeji aliweza kungojea ndani, lakini kama tu ana kibali cha muda chenye bado ni hai. Nani anaongeza kibali cha muda? Ajenti wa biro. Kwa kufuata nini? Sheria haikusema kitu. Basi ungeweza kuwa na ndoa ya kweli, watoto, nyumba, dosiye imewekwa, na ajenti mmoja asubuhi anakataa kuongeza kibali, unaambiwa rudi kwenu ungojee kule. Sisi wa agronomia tunajua karantini: mche wa kutoka inje unaweza kufungiwa, lakini siku zinaandikwa, na kitu chenye kutafutwa kinajulikana, mdudu huyu ao ugonjwa ule. Kwa watu wale hakuna siku ilikuwa imeandikwa, na hakuna aliyejua kinatafutwa nini.

Ndoa tatu zilikwenda mpaka Tribinali ya Katiba, kwenye kesi yenye inaitwa Dawood. Kulikuwa shida moja kubwa: katiba ile yenye kusifiwa dunia nzima haina kifungu cha haki ya familia. Mwamuzi Kate O'Regan, kwenye uamuzi wa tarehe 7 Juni 2000, alipita kwa mlango mwingine, ule wa heshima ya mtu. Watu wakioana wanapeana deni: kukaa pamoja, kusaidiana. Sheria yenye inawazuia kulipa deni lile inagusa heshima yao. Halafu akapiga pale penye uzito: ubaya siyo kwamba ajenti ana uwezo wa kukataa, ubaya ni kwamba hakuna aliyemuandikia ni kwa sababu gani anaweza kukataa. Mtu mwenye kuomba hawezi kujua, na hawezi hata kulalamika vizuri. Bunge lilipewa miaka 2 ya kurekebisha. Kwa siku zile za kungojea, maofisa waliamriwa kutoa ao kuongeza kibali isipokuwa kama kuna sababu nzuri ya kukataa. Miezi michache mbele ya hapo, Disemba 1999, tribinali hiyohiyo ilikuwa imesema pia sheria ile inabagua kwa kuwaacha inje wapenzi wa jinsia moja.

Sheria mpya ikatoka 2002, na njo ile, pamoja na marekebisho yake, yenye inatawala leo. Hapa wenye kusema «makaratasi itakuja yenyewe» wasome polepole. Ndoa inakufungulia kwanza viza ya muda tu, na unaweza kuomba ikuruhusu kufanya kazi ao kusoma. Ruhusa ya kukaa daima inaombwa kama ndoa imefika miaka 5, na wizara inapaswa kuhakikisha ni ndoa ya kweli. Tena ukishaipata, kwa miaka 2 inabaki na kamba kwenye mguu: ndoa ikivunjika ndani ya muda ule, ruhusa inakufa, isipokuwa kama mwenzako amefariki. Jumlisha mwenyewe. Miaka 7, na kwa miaka yote ile usalama wako uko mkononi mwa mtu mmoja. Mwenye bwana mzuri ao bibi mzuri hasikii uzito wake. Mwenye kupigwa nyumbani anausikia kila siku, sababu akitoka kwa nyumba, anatoka pia kwa makaratasi.

Kwa nini ugumu huu? Si chuki peke yake. Kule kulikuwa wanawake walikwenda kwenye biro ya Leta juu ya shuguli ingine kabisa, wakakuta wameandikwa kwenye rejista kuwa wameolewa na mtu hawajamuona hata siku moja. Wizara ilifanya kampeni nzima ya kuwaomba raia wahakikishe kama hawajaolewa bila kujua. Kila ndoa ya uongo ilimwekea mwenye ndoa ya kweli maswali mapya kwenye gishe, na Wakongomani wenzetu wenye ndoa safi wanalipa deni lile mpaka leo.

Na mchezo wa Komani ulirudia mara mbili. Kanuni za 2014 zilisema mwenye kuingia na viza ya kutembea hawezi kuibadilisha akiwa ndani, hata kama ameoa ao ameolewa pale na wana mtoto: atoke kwanza, aombe toka kwao. Ni hadithi ya Dawood tena, lakini safari hii imefichwa ndani ya kanuni. Kwenye kesi ya Nandutu, Juni 2019, Tribinali ya Katiba iliivunja kwa upande wa bibi, mabwana na watoto wa wenyeji.

Ya pili inatugusa sisi zaidi, sababu Wakongomani mingi kule hawaishi kwa viza, wanaishi na karatasi ya muomba hifadhi. Wizara ilituma sirkulere kwa biro zake, barua ya ndani tu, yenye kusema muomba hifadhi asipokelewe kabisa akiomba viza ao ruhusa ya kukaa. Hata kama ana bibi wa pale miaka kumi. Oktoba 2018, kesi ya Ahmed, waamuzi walisema barua ya biro haiwezi kufunga mlango mzima. Lakini hawakuufungua wazi. Muomba hifadhi mwenye ndoa anapaswa kwanza kuandikia wizara, aombe aondolewe masharti yenye kumzuia, aeleze sababu zake, halafu njo aweke dosiye yenyewe. Ni dosiye mbili, na ile ya kwanza mingi hawajui kama iko.