Vitabu vya Peni Sita: Tamthilia za Kale za Uingereza na Majina ya Waliozimiliki

Kitabu cha tamthilia kilichouzwa London mwishoni mwa karne ya 16 kilikuwa kitu duni kwa sura na kwa bei. Kilichapishwa kwa umbo liitwalo kwarto, yaani karatasi kubwa iliyokunjwa mara mbili ikatoa majani manne, au kurasa nane. Mikunjo kadhaa ya namna hiyo ilipangwa pamoja, ikatobolewa kando na kushonwa kwa uzi bila jalada gumu. Bei yake ya kawaida ilikuwa peni sita, ilhali kusimama uani katika jumba la michezo la Globe na kuitazama tamthilia yenyewe kuligharimu peni moja tu. Kitabu cha aina hiyo kilisomwa, kikaazimwa, kikachakaa, na kilipochakaa hakuna aliyeona haja ya kukiombolezea. Ndiyo maana historia ya kukusanya nakala hizo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu binafsi, kwani taasisi iliyotarajiwa kuzitunza ilizifungia mlango.

Taasisi hiyo ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo Thomas Bodley aliifufua na kuifungua mwaka 1602. Mwaka 1610 Bodley alipatana na chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London kwamba nakala moja ya kila kitabu kipya wanachokichapa ipelekwe maktabani, lakini alipomwandikia mkutubi wake, Thomas James, mwaka 1612, alisisitiza kwamba tamthilia na kalenda zisipokewe, akihofia kuwa zingeivunjia maktaba heshima. Kwa makadirio yake, ni kwa shida tamthilia moja katika 40 iliyostahili kutunzwa. Hukumu hiyo haikudumu bila kutiwa dosari. Robert Burton, kasisi na mwanachuoni wa Oxford, alipofariki mwaka 1640 aliiachia maktaba hiyohiyo sehemu ya vitabu vyake, vikiwemo vijitabu vya burudani vya aina ambayo Bodley aliidharau, na hivyo kilichokataliwa kwa barua kikaingia kwa wasia.

Mmiliki anayestahili kuzingatiwa kuliko wote, hata hivyo, hakuwa mwanachuoni. Frances Wolfreston (1607–1677), mama wa familia ya wenye mashamba huko Statfold katika jimbo la Staffordshire, alinunua tamthilia na mashairi kwa miaka mingi, akawa na mazoea ya kuandika kwenye kurasa za mwanzo kwamba kitabu ni chake, kwa tahajia aliyojitungia mwenyewe. Mara nyingine aliongeza neno moja au mawili ya uhakiki: kwenye nakala yake ya Othello ya mwaka 1655 alieleza kwa ufupi kwamba ni ya huzuni, na ni vigumu kubishana naye. Katika wasia wake alimwachia mwanawe Stanford vitabu hivyo, kwa sharti kwamba ndugu zake waruhusiwe kuviazima na kuvirudisha. Sharti hilo la kinyumbani ndilo lililosaidia vitabu vingi visitawanyike mapema, hadi sehemu kubwa ilipouzwa kwa mnada mwaka 1856. Nakala pekee inayojulikana ya toleo la kwanza la shairi la Shakespeare liitwalo Venus and Adonis, la mwaka 1593, ina jina la Frances Wolfreston, na leo imo katika maktaba ya Bodley.

Katika karne ya 18 ukusanyaji ukahamia mikononi mwa waigizaji. David Garrick alikusanya tamthilia za kale zipatazo 1,300, zikarithiwa na British Museum baada ya kifo chake mwaka 1779. John Philip Kemble naye alimuuzia Duke wa Devonshire mkusanyo wake mwaka 1821 kwa pauni 2,000. Mapenzi ya Kemble kwa vitabu hivi hayana shaka, lakini yalikuwa mapenzi yenye makali ya kisu: alikata pambizo za kila jani, akalibandika ndani ya fremu ya karatasi kubwa zaidi, kisha akathibitisha kwa mkono wake kwamba nakala imekaguliwa na imetimia, akatia herufi za jina lake. Maandishi ya wasomaji waliomtangulia, yaliyokuwa pambizoni, yaliondoka na vipande vilivyokatwa. Wajalidi wa karne ya 19 walifanya vivyo hivyo kwa maji na dawa, wakiosha kurasa ili wino wa wamiliki wa zamani ufifie, kwa kuwa wanunuzi matajiri wa wakati huo walitaka karatasi nyeupe. Siku hizi wino uleule ndio unaotafutwa, na jina lililoponea chupuchupu huongeza thamani.

Udhaifu wa vitabu hivi unaonekana hata kwa msomaji wa tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa na Julius Nyerere. Asili ya Mabepari wa Venisi ilitoka kwa umbo la kwarto mwaka 1600. Asili ya Juliasi Kaizari haikupata kwarto wakati wa uhai wa mwandishi, ikaokolewa na folio, yaani kitabu kikubwa cha karatasi zilizokunjwa mara moja, iliyochapishwa mwaka 1623. Titus Andronicus ya mwaka 1594 imebaki katika nakala moja tu, iliyogunduliwa Sweden mwaka 1904 ikiwa imefunikwa kwa karatasi za bahati nasibu za Uholanzi, na Mmarekani Henry Folger akaharakisha kuinunua.

Hamlet ya mwaka 1603 imebaki katika nakala mbili. Ya kwanza, ambayo Henry Bunbury aliikuta kabatini nyumbani kwake mwaka 1823, haina jani la mwisho, na sasa imo California katika maktaba ya Huntington, ambayo mwanzilishi wake alinunua tamthilia za Devonshire, nakala hiyo ikiwemo, mwaka 1914. Ya pili ilijitokeza Dublin mwaka 1856, mwanafunzi alipomuuzia muuza vitabu, na sasa imo London. Hiyo ina jani la mwisho, lakini haina ukurasa wa jina la kitabu, ambao ndio mahali wamiliki walipozoea kuandika majina yao.