Kuanguka kwa Wangu wa Makeri

Huku Ngoliba, mashariki ya Thika, Wakikuyu na Wakamba wanakouziana na kuoana chini ya Kilimambogo, mwanamke akipata cheo haikawii jina la Wangu wa Makeri kutajwa. Hutajwa kama onyo. Ndiyo maana historia yake inafaa kusimuliwa sawasawa.

Wengi humdhania kuwa malkia wa kale, wa enzi zile wanawake walipotawala hadi wanaume wakala njama, wakawapa mimba wote kwa msimu mmoja na kutwaa madaraka. Hiyo ni ngano ya Wakikuyu, na Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Wangu hakuwamo. Yeye aliishi zama za rupia na kodi ya nyumba.

Alizaliwa yapata mwaka 1856 upande wa Weithaga, Murang'a, akaolewa na Makeri wa Mbogo. Mwaka 1900 Waingereza walijenga boma lao Mbiri, lililokuja kuitwa Fort Hall, na mtu waliyemtegemea sana katika nchi hiyo alikuwa Karuri wa Gakure, aliyekuwa amekwisha kushirikiana na mfanyabiashara John Boyes. Karuri akawa chifu mkuu. Katika safari zake alizoea kupumzika kwa Makeri, na mapenzi yake na mke wa mwenyeji hayakuwa siri. Husimuliwa kwamba alitaka Makeri awe hedimani, yaani mkuu wa eneo chini ya chifu, Makeri akakataa. Mwaka 1902 cheo kikamwendea Wangu.

Alikishika kwa mkono mzito. Mwanamume aliyeletwa kwa deni la kodi aliamriwa apige magoti na kutia viganja chini, naye Wangu akaketi juu ya mgongo wake, akiendelea kusikiliza kesi za wengine. Simtetei kwa hilo. Aliyedhalilishwa vile alidhalilishwa mbele ya wanawe. Lakini mahedimani wanaume nao walikusanya kodi ileile kwa viboko na kwa kutwaa mbuzi za watu, na ni wangapi kati yao wanaotajwa leo katika baraza au harusini?

Wala si ule mgongo uliomwangusha. Mwaka 1909 ilichezwa kibata, ngoma ya wanaume, ambayo mwanamke huitazama akiwa kando. Wangu akaingia uwanjani, akacheza na Karuri. Wapo wasemao vazi lake la ngozi lilifunguka, wapo wasemao alilivua mwenyewe. Wazee walikasirika, aibu ikaenea kilima hadi kilima, na Wangu akajiuzulu. Miaka 7 ya kodi na hukumu ikamezwa na ngoma moja.

Ndivyo ilivyokuwa pia London mwaka 1536. Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane, hakuwa amezaa mrithi wa kiume, na maadui zake barazani walikuwa wengi. Mashtaka hayakutaja mrithi. Alikamatwa tarehe 2 Mei kwa madai ya kuzini na wanaume watano, mmoja wao kaka yake wa damu, na tarehe 19 akakatwa kichwa kwa upanga. Kabla mwezi haujaisha mfalme alikuwa ameoa tena. Wangu alibaki na uhai wake, lakini kwa wote wawili cheo kilipitia kwa mwanamume, na siku ya kunyang'anywa kilichopelekwa mbele ya watu ni mwili wa mwanamke.

Na Karuri, aliyecheza naye kibata ileile? Hakuguswa. Aliendelea kuwa chifu, akiwa mwenyeji wa wamisionari wa Consolata aliowapokea Tuthu mwaka 1902, wakambatiza, akafariki mwaka 1916 akiwa na heshima zake. Katika Ukikuyu, hadi utawala wa Waingereza ulipokwisha mwaka 1963, hakuna mwanamke mwingine aliyepewa uhedimani.